Mifereji ya Engaruka na mabonde ya Kasulu na Kibondo

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Leo nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu tunakiruka kila siku bila kukitazama mara mbili. Kitu hicho ni mtaro wa maji.

Katika bonde moja huko Kasulu kuna handaki refu lililojaa matete. Mgeni akiliona atadhani ni korongo lililochimbwa na mvua. Wafyatua matofali wamekwishachukua udongo wa ukingo wake mmoja, na ukingo wa pili umebomolewa na mbuzi. Lakini wazee wa upande ule wanajua kuwa ule ni mtaro uliochimbwa kwa jembe, na aliyeuanzisha ni baba yangu mkubwa.

Mzee huyo alikuwa mmoja wa vijana wengi wa Buha waliokwenda kukata mkonge Tanga wakati wa mkoloni, wale tuliowaita manamba. Huko alifanya kazi pamoja na Wapare, na siku moja akafuatana nao hadi milimani kwao, akaona wanavyoyakinga maji ya kijito usiku na kuyafungulia shambani asubuhi. Aliporudi nyumbani katika miaka ya 1950, wenzake walirudi na baiskeli. Yeye alirudi na habari za mitaro, na watu wakamcheka. Hata hivyo alianza kuchimba, na baada ya misimu miwili ndugu zake wakamfuata. Kiangazi kilipofika, maharage yake yalikuwa ya kijani wakati ya wengine yamekauka.

Kisha ikaja Operesheni Kigoma ya mwaka 1972. Watu wakahamishwa kutoka walikokuwa wametawanyika, wakapelekwa kwenye vijiji kando ya barabara. Bonde lile likawa mwendo wa saa moja na nusu kutoka nyumbani. Nani ataamka alfajiri kwenda kuzibua mtaro ulioko mbali hivyo? Na mtaro usipozibuliwa misimu miwili au mitatu, basi umekufa. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Habari hizi nimesimuliwa na marehemu baba, ambaye kila tulipopita pale alisimama kidogo, akatazama, halafu akaendelea na safari bila kusema neno.

Nimekumbuka mtaro huo baada ya kusoma habari za wenzetu wa Marekani na mfereji wao. Naomba tuvuke bahari kidogo, kisha tutarudi nyumbani.

Tarehe 4 Julai mwaka 1828 Wamarekani walianza kuchimba mfereji kando ya Mto Potomac, kutoka jirani na mji mkuu wao wa Washington kuelekea magharibi. Mfereji huo huitwa Chesapeake na Ohio. Mashua zilizobeba makaa ya mawe zilikokotwa na baghala waliotembea kwenye njia iliyo kando ya maji. Siku hiyo hiyo ya Julai, wafanyabiashara wa Baltimore nao walianza kujenga reli kuelekea upande huo huo. Reli ilifika mji wa Cumberland mwaka 1842. Mfereji ulifika hapo mwaka 1850, umechelewa miaka minane, na haukuendelea tena mbele. Urefu wake ni kilomita 297 hivi. Ulifanya kazi kwa shida hadi mwaka 1924, mafuriko yalipouharibu, na mwaka 1938 serikali ikaununua ukiwa hauna faida kwa mtu yeyote.

Katika miaka ya 1950 wakubwa wakaona njia hiyo ingefaa kujengwa barabara ya magari. Gazeti kubwa la Washington, The Washington Post, likaunga mkono mpango huo. Basi jaji mmoja wa Mahakama Kuu ya nchi hiyo, William O. Douglas, akaliandikia gazeti barua. Aliwaalika wahariri watembee naye kwa miguu mfereji wote, halafu ndipo waamue. Machi 1954 wakaanza kutembea kutoka Cumberland, na watu 58 walishiriki katika sehemu moja au nyingine ya safari. Waliofika mwisho bila kupanda gari ni tisa tu, lakini wahariri walikuwa wameona waliyoyaona, na gazeti likabadili msimamo wake. Barabara haikujengwa. Mwaka 1971 mfereji ule ukatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya historia ya taifa, na hadi leo watu wanatembea pale, wanaendesha baiskeli, na watoto wa shule wanaonyeshwa milango ya kupandishia mashua.

Najua kuna msikilizaji anayesema moyoni: hao ni Wamarekani, wana fedha za kutunza hata handaki. Sisi tuna mfereji gani wa kutunza?

Jibu langu ni kwamba tunao, tena wetu ulikuwa umekwisha kujengwa, ukatumika kwa karne nyingi na ukaachwa kabla Wamarekani hawajapiga jembe la kwanza pale Potomac. Uko Engaruka, wilayani Monduli, mkoani Arusha.

Engaruka iko chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kati ya Ziwa Manyara na Ziwa Natron, kusini mwa mlima Oldoinyo Lengai ambao hadi leo hutoa moshi na uji wa moto. Ni mahali pakavu. Mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 400 kwa kawaida, kiasi ambacho mkulima wa Kasulu au Kibondo angekiita njaa, maana sisi hupata zaidi ya mara mbili ya hiyo. Lakini kutoka milima ya Ngorongoro hushuka mito midogo, na Mto Engaruka hutiririka mwaka mzima. Watu wa kale walitazama ukame ule na mito ile, wakapiga hesabu zao.

Waliyoyafanya yanaonekana mpaka leo. Kuna mashamba yaliyogawanywa kwa mistari ya mawe, kiwanja baada ya kiwanja, yaliyoenea hekta 2,000 hivi. Kuna mifereji iliyotoka kwenye mito ikapita kando ya miteremko, mingine ikiwa imejengewa ukingo wa mawe, ikagawanyika matawi, na matawi yakagawanyika tena hadi kila kiwanja kikafikiwa na maji. Juu kwenye mteremko kuna mabaki ya vijiji saba, nyumba zikiwa zimejengwa juu ya vibaraza vya mawe vilivyopangwa kama ngazi. Hakuna saruji mahali popote. Ni jiwe juu ya jiwe, na jicho la mtu aliyejua maji yanakopenda kwenda.

Wataalamu wa mambo ya kale wanasema kazi hiyo ilianza katika karne ya 15 hivi, na watu wakaondoka katika karne ya 18. Kwa hiyo mifereji ile iliwalisha watu kwa karne tatu. Mbegu za mtama zimefukuliwa katika majivu ya zamani. Mabaki ya mazizi yanaonyesha kuwa walifuga pia, na inaelekea mifugo mingine ililishwa zizini ili mbolea isipotee.

Kuna jambo moja lililogunduliwa katika utafiti wa miaka ya karibuni ambalo mimi limenishangaza zaidi ya mengine. Sehemu ya mashamba yale haikuwa na udongo mzuri hata kidogo. Ilikuwa mawe na kokoto. Wakulima wa Engaruka walijenga vizuizi vidogo vya mawe, wakaruhusu maji yenye tope yaingie, yatulie, na kuacha tope lake. Mwaka baada ya mwaka udongo ukajaa nyuma ya mawe, wakapandisha kuta, udongo ukajaa tena. Kwa maneno mengine, shamba lenyewe waliliumba kwa maji. Sisi siku hizi tunatazama mito yetu ikipeleka udongo wetu mwekundu Malagarasi, na Malagarasi ikiupeleka Tanganyika, na tunasema ni kazi ya Mungu.

Wazungu waliofika Engaruka mwanzoni walikuwa Wajerumani, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1935 akaja Louis Leakey, yule yule aliyejulikana baadaye kwa mafuvu ya Olduvai. Aliyatazama magofu akakadiria kuwa waliishi pale watu kati ya 30,000 na 40,000. Habari hizo zilitangaa, na watu wakaanza kuzungumza juu ya mji uliopotea. Baada ya uhuru alikuja Hamo Sassoon, aliyechimba pale katika miaka ya 1960, kisha John Sutton na wengine, wakapunguza idadi ile. Hoja yao ni ya mkulima yeyote: mashamba yote yale hayakulimwa kwa wakati mmoja. Watu walilima hapa, udongo ukachoka, wakahamishia maji kule. Waliokuwapo kwa wakati mmoja walikuwa elfu kadhaa tu. Kwangu mimi hilo haliwashushi hadhi. Watu elfu kadhaa walioweza kugawana mto mmoja kwa miaka 300 bila kumalizana wana la kutufundisha.

Lakini ni watu gani? Hapa ndipo historia yetu ilipotaka kuibiwa. Wakati wa mkoloni kulikuwa na wasomi ambao kila walipoona jiwe limepangwa vizuri Afrika Mashariki, walitafuta mjenzi kutoka mbali. Mwaka 1933 Mwingereza aliyeitwa Huntingford aliandika juu ya kile alichokiita ustaarabu wa Waazania, taifa la kale lililodhaniwa kuja kutoka kaskazini, likajenga mitaro, kuta na barabara, halafu likatoweka. Wenyeji waliokuwa wakilima mbele ya macho yake hawakufikiriwa. Utafiti wa baadaye umeivunja nadharia hiyo. Mifereji na kuta hizo ni za nyakati tofauti na za watu mbalimbali wa hapa hapa.

Na ushahidi haukuwa lazima uchimbwe ardhini. Ulikuwa hai. Kaskazini mwa Engaruka wako Wasonjo, ambao wenyewe hujiita Wabatemi. Wanalima kwa mifereji, na zamu za maji zilipangwa na baraza la wazee waitwao wenamiji. Kilimanjaro Wachagga wana mifongo inayokwenda kilomita nyingi kutoka msituni hadi migombani. Wapare wana ndiva, yale mabwawa yaliyomfungua macho baba yangu mkubwa. Ng'ambo ya mpaka, Kenya, Wamarakwet wanateremsha maji kutoka milima ya Cherangani hadi Bonde la Kerio, na kila mfereji una ukoo wake na sheria zake. Watu waliojenga Engaruka wamehusishwa na Wasonjo na wamehusishwa na Wairaki wa Mbulu. Wote hao ni jirani zetu, wala hakuna haja ya kumtafuta mjenzi ng'ambo.

Sasa tuulize kwa nini waliondoka. Wataalamu wanataja mambo kadhaa. Wengine wanasema mito ilipungua maji, ama kwa ukame ama kwa misitu ya juu kukatwa. Wengine wanataja udongo uliochoka. Wengine wanataja kufika kwa Wamasai na mifugo yao, amani ikapungua bondeni. Inawezekana sababu zote zilikutana, kama zinavyokutana siku zote mambo yanapoharibika. Lakini angalieni jambo moja: kila sababu kati ya hizo tunayo leo mlangoni kwetu.

Engaruka ya leo inatunzwa namna gani? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inayalinda magofu ya aina ile. Mwaka 2018 UNESCO iliitambua Ngorongoro na Lengai kuwa hifadhi ya jiolojia ya dunia, ya kwanza kusini mwa Sahara, na Engaruka imo ndani yake. Wakati huo huo eneo hilo si mahali pa magofu tu. Wanavijiji wa Engaruka Juu na Engaruka Chini wanalima mahindi, maharage na ndizi kwa maji ya mto ule ule, na mitaro yao inapita jirani na ya wale wa kale. Huko bondeni kuna magadi soda ambayo Shirika la Maendeleo la Taifa limekuwa na mpango wa kuyachimba. Kwa hiyo mvutano upo: mkulima anataka maji, mfugaji anataka njia, mchimbaji anataka magadi, na mtu wa mambo ya kale anataka jiwe lisiguswe. Wote wana haki ya kusikilizwa. Lakini jiwe halina mdomo, na ndiyo maana linahitaji kusemewa.

Naam, turudi Buha. Mtu anaweza kusema kuwa Kasulu na Kibondo hatuna Engaruka. Ni kweli, hatuna mashamba ya mawe hekta 2,000. Lakini kusema hatuna historia ya maji ni kutojijua.

Chukueni Mto Ruchugi. Unatoka katika nyanda zetu za Kasulu, unateremka kusini, unakutana na Malagarasi pale Uvinza. Mahali hapo kuna chemchemi za maji ya chumvi. Mwaka 1967 yule yule John Sutton wa Engaruka alichimba Uvinza, na akakuta watu walikuwa wakichemsha maji yale na kupata chumvi tangu karne ya tano au ya sita baada ya Kristo. Miaka 1,500! Kabla ya kuja kwa misafara ya pwani, kabla ya reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, watu walikuwa wakitembea siku nyingi kwenda Uvinza, wanajenga vibanda msimu wa kiangazi, wanachemsha, wanamlipa mtawala sehemu yake, wanarudi na chumvi ya kubadilishana kwa jembe na mbuzi. Ni wanafunzi wangapi wa sekondari za Kasulu wanaolijua jambo hili? Wengi wanaijua Uvinza kama kituo cha treni.

Au chukueni Heru Juu, makao ya Mwami wa Heru. Katikati ya karne ya 20 mtawala wa pale alikuwa mwanamke, Mwami Theresa Ntare, jambo lililokuwa nadra katika Tanganyika ya wakati ule. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963. Sisemi urudishwe. Nasema kila utawala wa Buha, wa Heru, wa Muhambwe huko Kibondo, na wa Buyungu huko Kakonko, ulikuwa na ardhi yake, malisho yake na maji yake, na kulikuwa na utaratibu wa nani atalima bondeni na nani atanywesha. Utaratibu huo nao ni historia, na unazikwa pamoja na wazee.

Pengine sisi tumesahau upesi kwa sababu tumehamishwa mara nyingi. Katika miaka ya 1930 serikali ya Waingereza iliwakusanya watu wa Kibondo na Kasulu katika makazi maalumu ili kuwaepusha na malale. Watu wakaacha mashamba, pori likarudi, na mbung'o wakarudi na pori. Ikafuata miaka ya manamba, wanaume wakaenda mbali na nyumbani. Ikaja Operesheni ya 1972. Halafu, tangu mwaka 1993, wageni wetu kutoka Burundi, kisha kutoka Kongo, wakaja kwa maelfu wakikimbia vita. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Nduta ya Kibondo ilifungwa, na mwaka 2015 ikafunguliwa tena. Mamia ya maelfu ya watu wanahitaji kuni za kupikia, na hilo si kosa lao, kwani hakuna anayekimbia vita na jiko la gesi mgongoni. Lakini miti imekatwa, na sisi wenyeji tumekata pia, kwa mkaa, kwa tumbaku na kwa kuchoma matofali. Vijito ambavyo baba zetu walivivuka wakipandisha suruali magotini, leo mwezi wa nane tunavivuka na viatu.

Kwa sababu ya historia hiyo, mtu wa Buha akisikia neno hifadhi moyo wake unashtuka. Anaona jiwe la mpaka, askari na bunduki, na gari la kumhamisha. Siwezi kumlaumu. Hapo ndipo mfano wa mfereji wa Potomac unaponipendeza, maana hauna mlango wa kumzuia mpita njia. Mtu anatoka nyumbani kwake, anatembea kando ya maji, anarudi. Tukihifadhi chanzo cha maji au mtaro wa zamani, tuhifadhi kwa namna hiyo: mahali pa wote, penye miti, pasipolimwa, lakini penye njia ya mama mwenye ndoo na njia ya mtoto wa shule.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji. Mita 60 ni kama zaidi kidogo ya nusu ya urefu wa uwanja wa mpira. Katika mabonde yetu mita hizo sitini zimelimwa mpaka jembe linagusa maji. Sababu tunaijua: pale ndipo maharage ya kiangazi yanapoota. Ndugu zangu wa Dar es Salaam, maharage ya Kigoma mnayoyasifia sokoni, mengine yametoka kwenye mita hizo sitini. Kwa hiyo nanyi mmo katika mazungumzo haya. Tena mmo kwa njia nyingine. Nanyi mna bonde lenu la Msimbazi, ambalo kila masika hulia, na ambalo sasa upo mpango wa kuigeuza sehemu yake kuwa bustani ya umma baada ya watu wengi kuteseka na mafuriko. Gharama yake ni kubwa, kwa sababu mlingoja hadi bonde likajaa. Kasulu na Kibondo bado hatujafika huko. Tunaweza kufanya kwa jembe na kalamu yale ambayo ninyi sasa mnayafanya kwa mabilioni.

Nimesema jembe na kalamu. Nianze na kalamu. Halmashauri zetu, na tangu mwaka 2012 tumegawanyika tukapata Buhigwe na Kakonko, zina maafisa utamaduni na maafisa maji. Wawatume walimu na wanafunzi waandike jina la kila chemchemi, nani aliilinda zamani, miiko yake ilikuwa ipi, na mitaro ya zamani ilipita wapi. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji daftari na mzee aliye hai, na wazee hawatungoji. Kisha jembe. Kila kata ichague chemchemi moja, iipande miti ya asili inayoshika maji, iache ile mikaratusi inayoyanywa, na waliokuwa wakilima pale wapewe kwanza sehemu nyingine ya kulima, ndipo waambiwe waondoke. Nasema kwanza, maana mara zote zilizopita tulianza na kuondoka.

Tukumbuke pia kwamba maji yetu hayaishii kwetu. Mwaka 2000 ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovozi iliandikishwa katika Mkataba wa Ramsar, ikiwa ya kwanza Tanzania, kilomita za mraba 32,500. Dunia nzima imekubali kuwa maji yale ni hazina. Yanatoka wapi? Yanatoka katika vijito vyetu, hivi hivi tunavyovivuka na viatu.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda tena kuutazama mtaro wa baba mkubwa. Nilikuwa na binamu yangu, mwanawe mzee huyo, ambaye sasa naye ana mvi. Tulitembea kutoka mwisho wa chini kwenda juu, tukihesabu hatua. Mara nyingine handaki lilipotea, tukalipata tena nyuma ya migomba. Tulifika 740, ndipo tukakuta mawe manne makubwa yaliyokuwa banio, mahali maji yalipochepushwa. Bado yamekaa sawasawa kama alivyoyaweka. Kijito kinapita kando yake, kidogo, lakini kinapita. Kijana mmoja aliyekuwa analima hapo akatuuliza tunatafuta nini, labda madini. Binamu yangu akamweleza. Yule kijana aliyatazama mawe, akatazama shamba lake la maharage lililoanza kunyauka, akauliza: "Kwani haya maji yanaweza kufika kule chini?"

Binamu yangu akamjibu kuwa yaliwahi kufika, na akamwonyesha kwa fimbo njia yote. Tuliwaacha wakizungumza.

Ndugu msomaji, wahariri wa Washington walibadili mawazo yao kwa kutembea. Na wewe mwenye bonde, mtaro au chemchemi kwenu, likizo hii ukienda nyumbani mchukue mzee mmoja na mtoto mmoja, mwende kwa miguu mkaangalie. Tukijaliwa, tukutane tena wiki ijayo wakati kama huu. Kwa leo naishia hapa.